Tanga hadi Makupa: safari ya kuyafuata mafuta yaliyozama topeni

Haya nimeyaandika baada ya kurudi, kwa kuunganisha daftari langu na picha za simu. Kurasa za mwisho za daftari zimelowa maji ya chumvi, kwa hiyo bei mbili tatu nimezikisia. Zilizobaki ndizo nilizolipa.

Kwanza sababu ya safari. Mimi ni mwalimu wa baiolojia hapa Tanga. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima, Uganda, lenye urefu wa kilomita 1,443, linaishia Chongoleani, ng'ambo ya ghuba yetu. Vijiweni watu huulizana habari za ajira na fidia. Mimi nilitaka kujua jambo jingine: mafuta yakiingia kwenye mikoko, baada ya miaka thelathini kunabaki nini? Mahali pa karibu pa kwenda kuuliza ni Mombasa. Mwaka 1988 mafuta yalivuja huko yakaingia hori la Makupa na kuua mikoko, na mwaka 2005 meli ya mafuta ikamwaga mengine Port Reitz. Nikasubiri likizo ya katikati ya mwaka, nikafunga mkoba.

Jumamosi: Tanga, Horohoro, Vanga

Coaster ya Horohoro haina saa ya kuondoka, inaondoka ikijaa. Nilifika stendi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, tukatoka saa mbili kasoro. Nauli shilingi 5,000. Lami ni nzuri hadi mpakani, kama kilomita 65, na mama mmoja aliyekaa dirishani alinipakatia mkoba wangu njia nzima kwa sababu aliniona nimeushika kama yai. Ndani mlikuwa na chupa za kioo.

Chupa hizo ndizo zilizonichelewesha. Horohoro na Lunga Lunga siku hizi ni kituo cha pamoja. Mihuri yote miwili unagongewa kwenye jengo la upande unakoingia, na foleni haikuwa ndefu. Lakini afisa wa forodha alizitoa chupa zangu moja moja, kila moja imefungwa foili ya alumini, akazipanga mezani.

"Mwalimu, unavusha chupa tupu?"

"Naam, mkuu. Tupu."

"Na zikirudi?"

"Zitarudi tupu vilevile."

Alimwita mwenzake aje asikie. Nikaeleza kwamba kuna mtafiti Mombasa aliyekubali kunifundisha jinsi ya kuandaa chupa za sampuli ya tope, akaniambia nije na zangu. Wakacheka, wakaninywesha chai ya kwenye chupa yao, na saa nzima ikawa imekwenda.

Kwa watakaofuata: beba pasipoti au hati ya kusafiria na kadi ya chanjo ya homa ya manjano. Badilisha fedha kidogo tu mpakani, ya nauli, kisha nunua laini ya Kenya mapema kwa sababu M-Pesa inapokelewa mpaka kwa muuza madafu. Na kama unataka kuchukua sampuli hasa, utafiti Kenya unahitaji kibali cha NACOSTI, tume yao ya taifa ya sayansi. Usijaze tope la watu kwenye chupa ukavuka nalo.

Kutoka Lunga Lunga nilipanda bodaboda hadi Vanga, shilingi 400 za Kenya, upepo wa kusi unatupiga ubavuni. Nilipokelewa na mzee mmoja wa kamati ya mikoko, niliyeunganishwa naye kwa simu na mwanafunzi wangu wa zamani. Nilipouliza habari za nyumba ya wageni alinitazama kana kwamba nimemtukana. Mkewe alipika wali wa nazi na changu wa kupaka, na mazungumzo yakawa marefu.

Nilimuuliza: kitu kikianguka baharini Tanga, kinatokea wapi?

"Hapa," alisema. "Magogo, madumu, nyavu zilizokatika. Kusi ikivuma, takataka za Tanga ni zetu."

Mzee hajasoma somo la bahari, lakini ndivyo vitabu vinavyosema. Mkondo wa pwani ya Afrika Mashariki huelekea kaskazini ukipita kwetu mwaka mzima, na wakati wa kusi hupata nguvu zaidi. Mafuta yanayoelea husafiri na mkondo, kisha upepo nao huyasukuma kwa takriban asilimia 3 ya mwendo wake. Nilipiga hesabu kwenye daftari mbele yake: upepo wa noti 15, yaani kama kilomita 28 kwa saa, ukivuma moja kwa moja unaweza kuyasukuma mafuta karibu kilomita 20 kwa siku, na kutoka Chongoleani hadi Vanga ni kama kilomita 40 kwa njia ya ndege. Siku mbili, kabla hata ya kuuhesabu mkondo. Mzee akaichukua kalamu, akaangalia ule mstari, akasema serikali mbili zitakuwa bado zinaandikiana barua.

Jumapili: Vanga, ndani ya mikoko

Maji yalikuwa ya bamvua, yakapwa mbali sana. Kama unakwenda kutazama mikoko, panga safari yako kwa mwezi: siku za bamvua tope lote huwa wazi, na siku za maji mafu utaona majani tu.

Vanga na majirani zake, Jimbo na Kiwegu, wanahifadhi hekta 460 za mikoko na kuuza hewa ya kaboni, yaani kulipwa kwa kaboni inayohifadhiwa na mikoko hiyo, kupitia mradi wa Vanga Blue Forest ulioanza mwaka 2019. Vijana wa doria walinitembeza. Mmoja wao alisimama ghafla kwenye kidimbwi, akanionyesha utando unaong'aa rangi za upinde wa mvua. "Mafuta haya, mwalimu."

Hapa niliweza kuwa na faida kidogo. Nilivunja kijiti nikaugusa utando. Ulipasuka vipande vipande vyenye kona, vikabaki vimeachana. Huo si utando wa petroli. Ni kazi ya bakteria wanaoishi kwa madini ya chuma kwenye tope lisilo na hewa. Utando wa mafuta ya petroli ukiuchoma kijiti huzunguka na kujiunga tena mara moja. Jaribio hilo halihitaji maabara wala senti moja, na kila mtu wa doria anapaswa kulijua, maana taarifa moja ya uongo inaweza kuchosha watu wasiitikie taarifa ya kweli. Tulirudia kwenye vidimbwi vingine mpaka wakaanza kubishana wenyewe.

Wataalamu wa dharura za mafuta wana ramani zinazozipa fukwe alama kuanzia 1 hadi 10 kulingana na jinsi zinavyoumia. Jabali linalopigwa na mawimbi ni 1. Bahari yenyewe hulisafisha. Mikoko ni 10. Kijana wa doria aliponiuliza kwa nini ipewe 10 nikamwambia asubiri, jibu zuri liko Gazi. Ukweli ni kwamba nilitaka kulitafuta mwenyewe.

Jumatatu: Vanga hadi Gazi

Matatu ilipasuka tairi kabla ya Msambweni. Tairi la akiba nalo halikuwa na upepo. Dereva akaenda nalo kwa pikipiki, sisi tukakaa chini ya mwembe, na mwanamke mmoja aliyekuwa akipeleka mahamri sokoni akagawa nusu ya beseni lake akikataa kulipwa. Mwanamume mmoja alimlipa kwa nguvu, akamtupia noti kwenye beseni na kukimbia. Tulifika Gazi saa nane mchana badala ya saa tano.

Gazi ni kijiji ambacho mwalimu yeyote wa baiolojia wa pwani hii angepaswa kufika. Miaka ya sabini mikoko ya ghuba ilikatwa kwa wingi kuwa kuni za viwandani, ikaacha uwazi mkubwa usioota tena wenyewe. Watafiti na wanakijiji walianza kupanda miaka ya tisini, na leo baadhi ya miti hiyo ni misitu. Mradi wa Mikoko Pamoja, wa vijiji vya Gazi na Makongeni, umekuwa ukiuza kaboni tangu 2013 kutokana na hekta 117. Fedha zimeingia kwenye maji ya bomba na shule. Wanawake wa Gazi nao wana njia ya mbao inayopita juu ya tope hadi katikati ya msitu. Nililipa shilingi 200, na bibi aliyenikatia risiti akaamua kunifuata mwenyewe anieleze.

Alinionyesha mchu, mti unaotoa vijiti vya mizizi vinavyochomoza topeni kwa mamia. Nilipiga magoti, nikakikagua kimoja kwa kioo cha kukuzia. Ngozi yake ina vidoti vyeupe, kila kimoja kidogo kuliko kichwa cha pini, na ndani yake unga laini. Hivyo ndivyo vitundu vya hewa. Tope la mikoko lina oksijeni kwenye milimita chache za juu tu. Chini ya hapo mzizi unapumua kupitia vidoti hivi. Mafuta mazito yakija na maji kujaa na kuondoka na maji kupwa, yanaacha koti juu ya vijiti, na vidoti vinazibwa. Mti haufi siku hiyo. Majani yanageuka manjano na kudondoka, na miezi baadaye watu wanaona miti imesimama mikavu wakati habari za umwagikaji zimeshasahaulika magazetini.

Kando ya njia kulikuwa na kaa wadogo wenye gando moja kubwa, madume, wakipunga gando hilo kila mmoja mbele ya shimo lake. Hao nao wana kisa. Septemba 1969 jahazi la mafuta lililoitwa Florida lilikwama West Falmouth, Massachusetts, Marekani, likamwaga mafuta ya aina inayokaribia dizeli kwenye kinamasi cha chumvi. Watafiti wa Woods Hole, taasisi ya bahari iliyo jirani, waliendelea kurudi pale. Karibu miaka arobaini baadaye, ndugu za kaa hawa walikuwa bado wanachimba mashimo mafupi: wakifikia tabaka lenye mafuta, shimo linapinda upande. Walikula polepole, wakikimbia hatari kwa kuchelewa, na idadi yao ilikuwa kama nusu ya mahali pasipoguswa. Juu, kinamasi kilikuwa kijani kizuri.

Nilipomsimulia bibi, akauliza swali ambalo sikulitarajia: "Walijuaje nusu? Waliwahesabu kabla?"

Kwa West Falmouth jibu ni kwamba walilinganisha na sehemu ya jirani isiyo na mafuta. Ni njia nzuri kama una jirani anayefanana. Lakini swali lake lilinikaa kichwani safari nzima, na nitalirudia.

Jioni kijana wa mradi alinifundisha kupima. Eneo la mita 10 kwa 10 linawekwa alama kwa kamba na vigingi, miti yote inahesabiwa, na unene unapimwa kwenye urefu wa mita 1.3 kutoka chini. Mkoko wenyewe, ule wenye mizizi inayoshuka kutoka shinani, hauna shina kwenye urefu huo. Unapimwa sentimita 30 juu ya mzizi wa juu kabisa. Andika kwa penseli. Wino wa kalamu unaondoka na jasho kabla hujafika mti wa pili.

Jumanne: Gazi, Likoni, Mombasa

Mvua kutwa. Matatu hadi Likoni shilingi 150, kivuko bure kwa waendao kwa miguu, usipige picha ukiwa juu yake. Nililala Majengo, shilingi 1,200, feni inafanya kazi.

Jumatano: Mkomani

Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, KMFRI, iko Mkomani, ukingoni mwa maji, ikitazamana na Mji wa Kale. Mtafiti wangu ni mtu wa maneno machache. Alizitazama chupa zangu, akanusa moja, akasema zote chafu.

Kumbe sabuni ya jikoni inaacha masalia, na mafuta ya krimu ya mikono yangu yalikuwa kwenye mifuniko. Tulianza upya: maji ya moto, maji safi ya maabara, kisha kusuuza kwa kiyeyusho, kisha foili kati ya kifuniko na mdomo wa chupa. Plastiki haiguswi popote, maana ina kemikali zake zinazoingia kwenye sampuli. Ukiwa kwenye boti, injini izimwe na sampuli ichukuliwe upande upepo unakotoka, la sivyo utapima moshi wa injini yako. Na chupa moja iliyooshwa vilevile ifunguliwe kidogo hewani, ifungwe, irudi maabara bila kitu. Ikikutwa na mafuta, mjue uchafu ni wenu.

Baada ya hapo akanionyesha michoro miwili kwenye kompyuta. Mashine ya kromatografia ya gesi hutenganisha viungo vya mafuta na kuvichora kama vilele vilivyopangwa. Mchoro wa kwanza, wa mafuta ghafi mapya, ulikuwa na vilele virefu kwa safu. Wa pili, wa mafuta yaliyokaa mazingirani, vilele vilikuwa vimefutika, kikabaki kilima kimoja kinene. Bakteria hula kwanza minyororo iliyonyooka na kuiacha ile yenye matawi, kwa hiyo ukilinganisha kilele cha mnyororo wa kaboni 17 na jirani yake pristani, mwenye matawi, unajua mlo umefika wapi. Hopani, viungo vingine vya mafuta, haziliki kirahisi kabisa; zinabaki kama alama za vidole, na kwazo unaweza kusema mafuta haya si ya meli ile.

Nikamuuliza kwa nini bakteria wasimalize kazi ndani ya mikoko. "Hawana hewa," akasema. Wala-mafuta wanaofanya kazi haraka wanahitaji oksijeni. Mafuta yaliyoingia kwenye mashimo ya kaa na njia za mizizi iliyooza yanafika chini pasipo na hewa, na huko yanakaa. Nikaandika hilo kwa herufi kubwa kwa ajili ya kijana wa Vanga: ndiyo sababu ya ile 10.

Tulizungumza pia habari za kupambana na mafuta, na hapa ndipo nilipobadilisha mawazo niliyokwenda nayo. Nilidhani dawa za kutawanya mafuta ni uovu mtupu. Zina historia mbaya: meli ya mafuta ya Torrey Canyon ilipopasuka Cornwall, Uingereza, mwaka 1967, sabuni kali zilizomwagwa ufukweni ziliua viumbe wa miamba zaidi ya mafuta yenyewe. Lakini mwaka 1984 kulifanyika jaribio Panama, likiitwa TROPICS, ambapo mafuta matupu na mafuta yaliyotawanywa yalimwagwa kwa makusudi kwenye maeneo madogo yenye mikoko, nyasi bahari na matumbawe. Mafuta matupu yaliua mikoko. Yaliyotawanywa yaliiacha mikoko ikiwa salama zaidi, lakini yakaumiza matumbawe kwanza. Maana yake uamuzi ni wa kuchagua nani aumie, na unapaswa kufanywa mbali na ufuo, kwenye maji yenye kina, ndani ya saa chache. Nani atakayechagua Tanga, penye mikoko na matumbawe pamoja, na kwa ramani ipi? Sikupata usingizi mwema usiku ule, ingawa huenda ni muhogo wa pilipili wa pale Mama Ngina.

Alhamisi: Makupa na Port Reitz

Siku niliyoijia. Mvuvi mmoja alikubali kunizungusha kwa boti ndogo kwa shilingi 1,500, tukipatana kwamba hatukaribii gati wala meli. Tuliondoka maji yakianza kupwa.

Kwa miongo mingi hori la Makupa lilikuwa limekatwa na tuta la barabara. Maji hayakupita sawasawa, na kando kulikuwa na jaa la Kibarani. Mwaka 2022 tuta lilibadilishwa na daraja, maji sasa yanapita chini. Mvuvi alisema kwa jicho lake anaona tofauti: harufu imepungua na samaki wadogo wanaingia. Mimi sina namba za kumpinga wala za kumuunga mkono, ila kisayansi ni jambo la kutarajiwa. Maji yanayobadilishwa kila kupwa na kujaa huondoa taka na kuleta oksijeni na mbegu.

Tulishuka mahali penye mikoko michanga ya kupandwa, imesimama kwa safu zilizonyooka mno kuwa kazi ya Mungu peke yake. Katikati ya safu kulikuwa na visiki vya zamani, vyeusi, vigumu kama jiwe. Mvuvi alisema ni vya "ile ya mafuta". Yeye alikuwa mtoto; anakumbuka baba yake akirudi na nyavu zisizosafishika, wakazichoma.

Nikapiga magoti tena. Tope la juu lilikuwa kahawia, lina vijishimo vya kaa, zuri tu. Niliingiza bomba la plastiki la nusu mita, nikaziba juu kwa kiganja, nikalitoa taratibu, tukalisukumia tope juu ya ubao. Kahawia ukucha mmoja. Kijivu. Kisha cheusi, chenye harufu ya yai viza, ambayo ni ya kawaida kwa mikoko. Mahali fulani chini zaidi harufu ikabadilika. Mvuvi aliinusa kabla yangu, akasema, "Gereji." Nikakoroga kidonge chake kwenye kikombe cha maji ya bahari. Utando ukatokea, mwembamba, wa rangi. Nikauchoma kwa kijiti. Ukazunguka, ukajiunga.

Tulirudisha tope shimoni. Chupa zangu zikabaki tupu, kama nilivyomuahidi afisa wa forodha.

Sasa, siwezi kuandika kwamba yale ni mafuta ya 1988. Hori hili linapokea maji ya mitaro, gereji, viwanda na meli kila siku, na pua ya mvuvi haitofautishi miaka. Hopani zingesema, kwa mwenye kibali na mashine. Ila hata mashine inakwama kwenye swali la bibi wa Gazi: walihesabu kabla? Ukikuta kaa kumi kwa mita ya mraba, je, walikuwa ishirini au kumi na wawili?

Mfano ninaoupenda ni wa Panama tena. Aprili 1986 tangi la kiwanda cha kusafishia mafuta lilipasuka kwenye pwani yao ya Karibi, mafuta yakaingia Bahía Las Minas. Jirani, Galeta, taasisi ya Smithsonian ilikuwa na maabara, na watafiti walikuwa wamekwisha kupima miamba na mikoko ile kwa miaka mingi, bila kujua kinachokuja. Kwa hiyo walipoanza kuhesabu maiti, walijua waliokuwa hai ni wangapi. Miaka mitano baadaye mafuta yalikuwa bado yanatoka topeni kila mvua kubwa na kila ukingo ulipobomoka, na makadirio yao ya sumu kubaki pale yalikuwa miaka 20 au zaidi. Tunayajua hayo kwa sababu ya daftari za kabla.

Kwa watakaofuata: ukishika donge la lami ufukweni au mguu ukachafuka, usijisugue kwa petroli. Tumia mafuta ya kupikia, pangusa kwa kitambaa, kisha sabuni. Vaa raba nzee zenye kamba. Ndala hubaki topeni.

Ijumaa: Mombasa

Ofisi moja niliyoiandikia barua mwezi mmoja kabla ilinipeleka dirisha moja hadi jingine mpaka adhana ya Ijumaa. Sikupata waraka niliouomba. Nilipata biriani.

Jumamosi: kurudi, na Chongoleani

Basi la Tanga liliondoka asubuhi, mpakani nilimkuta afisa yuleyule. Akazifungua chupa, akazinusa, akanirudishia kwa salamu.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda Chongoleani na walimu wenzangu wawili. Mafuta ya Hoima yana nta nyingi. Bombani lazima yapashwe hadi nyuzi joto 50 hivi yasigande. Yakimwagika kwenye maji ya bahari yetu yanaweza kuganda mabonge badala ya kutanda kama dizeli, kwa hiyo yaliyoonekana Makupa hayatajirudia vilevile hapa. Hilo linanipa sababu zaidi ya kupima kwetu badala ya kukopa majibu ya Mombasa. Wazee wa kijiji walituuliza maswali makali, hasa kama tumetumwa na mtu. Mwishowe walitupa kijana wa kutuongoza, na tukafunga kamba ya kwanza ya mita 10 kwa 10: miti 43, michu zaidi, mikoko michache, na kaa tuliowahesabu kwenye fremu ya mbao ya nusu mita kwa nusu mita hadi maji yakatufukuza. Tutafunga nyingine Vanga kama wazee wa kule watakubali, maana ndiko upepo unakoelekea.

Gharama ya safari nzima, nauli, malazi, boti na chakula, haikufika shilingi 180,000 za Tanzania, na ingezidi kama si watu wa Vanga na Gazi walionilisha.

Ombi kwa wasomaji wa Mombasa: mwenye picha ya familia iliyopigwa Makupa, Kibarani au Port Reitz kabla ya 1988, hata kama mikoko imeonekana nyuma ya bega la mjomba tu, asiitupe. Iandike mwaka na mahali nyuma yake kwa penseli, kisha mpelekee mtafiti yeyote wa bahari aliye karibu nawe aipige nakala.